Mama Alivyojitoa kwenye Chaneli ya Zamu

Mama yangu ni karani wa ghala la vipuri, na ni mtu pekee ninayemjua aliyejifukuza kwa kufuata utaratibu.

Kazini kwao mambo yote hupitia programu ya mazungumzo kwenye simu, kila shughuli na chaneli yake. Inayotisha ni chaneli ya zamu. Kubadilishana zamu hakuhesabiki mpaka mwombaji aandike humo na mwenzake ajibu humo humo kwamba amekubali. Msimamizi wake alikuwa mama, cheo kisicho na nyongeza hata ya chai. Meneja alikikataa ili asisumbuliwe.

Wiki moja meneja akaagiza kwenye chaneli hiyo wabaki watu wa ghala tu, wengine watolewe. Mama hana utani na agizo. Akachuja majina kwa idara, akatia alama wote wasio wa ghala, akabonyeza. Naye alikuwemo. Alishahama kutoka mapokezi zamani, ila wasifu wake kwenye programu haukuhama naye. Mlango ukafungwa, mwenye funguo akiwa nje.

Angekuwa mama wa mtu mwingine, ningecheka hadi mbavu ziume. Lakini Jumamosi bibi alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho, nafasi tuliyoingoja mpaka macho yote mawili yakawa ya pambo. Hospitali ilitaka mtu mzima wa familia atie saini, na mtu mzima tuliyenaye ni mama, ambaye Jumamosi ana zamu. Alishawahi kukosa zamu siku bibi alipoanguka bafuni. Akikosa tena, kazi hana. Mpakiaji wanayemwita Tingatinga alikuwa tayari kumshikia. Kwa mdomo.

Mama akamwendea fundi wa kompyuta, kijana mpole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, anayeweza kukuingiza ni msimamizi wa chaneli."

"Msimamizi ni mimi."

"Basi jiingize."

"Niko nje, mwanangu."

"Hapo sasa," akasema fundi, akajikuna kichwa.

Akaeleza kwamba makao makuu wanaweza kufungua, ila wao hujibu wakijisikia. Tingatinga, mwenye moyo mkubwa kuliko mabega yake, akaandika kwenye chaneli kwamba amekubali. Meneja akamuuliza papo hapo amekubali nini, mbona hakuna aliyeomba. Mama alipomfuata ofisini, meneja alimpa pole, tena ya kweli, kisha akasema akimruhusu yeye kwa mdomo, kesho ghala zima litamjia na midomo.

Jumamosi mama akaenda kazini. Mimi nikampeleka bibi, nikiwa nimevaa viatu vya mama vya kisigino na kubeba mkoba wake, na sauti nimeishusha kama mwalimu wa zamu. Muuguzi akaniomba kitambulisho. Nilichokuwa nacho ni cha shule.

"Mdogo wangu, mwite mama," akasema.

Nilipiga. Simu za watu wa ghala hukaa kwenye kabati hadi zamu iishe, na niliisikiliza ikiita huko peke yake. Muuguzi alinisubiri muda mrefu kuliko alivyopaswa. Halafu akamwita mgonjwa mwingine.

Bibi, aliyekuwa kwenye benchi amevaa gauni lake jipya, akauliza kama tumeitwa. Nikamwambia, "Twende nyumbani, bibi." Akanyoosha mkono kuutafuta wangu, akashika wa mzee aliyeketi kando yake. Mzee akauacha ushikwe.