Vidole Ndani ya Mkanda wa Feni

Katika gereji yake pale Ujiji, Luqman hakumruhusu mtu kuingiza mkono kwenye injini inayonguruma, wala kulikaribia gari na nguo ya kupwaya. Lakini leo hakuwa kazini. Alikuwa amevaa kanzu, anakwenda kwenye ndoa Mwandiga na shemeji yake Chande, mkanda wa feni wa gari lao ukaanza kulia njiani. Wakasimama. Chande akabaki kwenye usukani, injini ikiwaka, na Luqman akainua boneti, akainama kuusikiliza tu.

Mkanda ukaudaka mkono wa kanzu. Akapiga ukelele, Chande akazima gari, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwishabanwa kati ya mkanda na puli, kile kigurudumu cha altaneta.

"Vipi, shemeji, limekung'ata?" Boneti iliyoinuliwa ilimzuia Chande asione.

"Limenibana. Usiguse kitu."

"Nipige stata kidogo, likuteme."

Stata ingezungusha puli kulekule ilikokuwa ikienda, na vidole vingeenda nayo. Luqman akajaribu kujivuta nyuma. Kanzu ikakaza. Mvuke wa rejeta ulimpiga shavuni, na hakuwa na pa kugeuzia uso.

"Chande. Chomoa ufunguo, uje nao huku niuone."

"Tunasubiriwa, na wewe ndiye shahidi."

"Uje nao niuone."

Mlango ukafunguliwa. Chande akaja akiuzungusha ufunguo kidoleni, akauona mkono, akaacha kuuzungusha.

"Fungua waya wa betri kwanza, ule wa hasi," Luqman akasema polepole, maana kila neno lilimtikisa mkono. Chande akatoa spana kwenye buti, akaufungua waya.

"Sasa legeza nati ile ya altaneta."

Spana ikateleza. Ikateleza tena.

"Imegoma."

"Unaikaza. Geuza upande wa pili."

"Ningejua mambo haya ya ufundi ningekubeba wewe?"

Nati ikaachia, mkanda ukalegea. Luqman akavitoa vidole kimoja kimoja, vyeusi kwa grisi na damu, akavishika kwa mkono wa kushoto asivitazame.

"Vikunje basi," Chande akanong'ona.

Cha shahada kilikunjika, kwa shida. Cha pete kikafuata. Cha kati kilibaki kimenyooka.

"Hicho kimevimba tu, shemeji."

"Huenda." Luqman akajaribu tena, akakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Kisha akajisogeza kando ya barabara. "Simamisha bajaji inipeleke hospitali. Hili lisiwashwe."

Chande akaenda katikati ya barabara, akapunga mikono yote miwili.