Tembo la Babu

Mwalimu Mwanaasha alifunua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyozidi kushuka.

"Tembo la babu li juu, limekaa mnazini,
Watoto twalingojea, lishuke twende nyumbani,
Likishuka tutacheka, tuyumbe barabarani."

Akakilaza kitabu mezani kifudifudi.

"Asheri mwanangu, kwenu wapi?"

"Amani, mwalimu. Kule juu kwenye chai."

"Minazi ipo?"

"Haipo. Baridi."

"Basi nimekuelewa." Akavua miwani. "Huku pwani tembo la babu lililokaa mnazini ni pombe. Mgema hupanda kuligema, likishuka watu hunywa, wakinywa huyumba barabarani. Umeandika kweli tupu. Ila hii ni shule ya chekechea."

Asheri akaonyesha jalada. "Lakini picha hiyo hapo, mwalimu. Mnyama, na mkonga wake."

"Mnyama nimemwona. Wazazi wataona jina."

"Nitabandika karatasi juu ya jina."

Mwalimu akageuza kitabu, akaweka kidole chini ya mstari ambao Asheri mwenyewe aliagiza upigwe wino mzito: *Hairuhusiwi kugeuza hata herufi moja.*

"Na humo ndani?" akauliza. "Kila ukurasa una *la* na *li*. Utabandika mangapi, baba?"

Vitabu vilikuwa elfu moja. Mwenye mtambo alikataa kuchapa pungufu ya hapo, na Asheri, aliyekwisha kuwaona kichwani watoto wa Tanga nzima wakiimba beti zake, hakubisha. Alimlipa kwa fedha ambazo mama yake, Devota, alimpa akamnunulie bati. "Kabla ya masika utaezeka, mama," alimwahidi. Sasa masika ilikuwa inabisha hodi, na tegemeo lilikuwa shule hii tu.

Chumbani kwake Usagara aliingia kiubavu. Maboksi yalikuwa yamepanda ukutani mpaka yakaziba dirisha, kitanda kimebaki upana wa mtu mmoja asiyejigeuza. Akalala chali humo kwenye giza la saa sita mchana, na kicheko cha Tuhfa kikamrudia.

Tuhfa, binti wa Kipemba aliyemchorea picha, alikuwa amemwonya. "Mwenzangu, hii *la* iondoe. Sema *tembo wa babu*."

"Wewe chora," Asheri alimjibu. "Maneno niachie mimi. Huyu si tembo wa kawaida, ni pandikizi la tembo, ndiyo maana nimelikuza. Hata wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hulitia, si humtia."

Tuhfa akamtazama. "Kwani mgema, kwa ujuzi wako, anafanya nini hapo?"

"Anamwogesha ndovu wake."

Tuhfa alicheka mpaka brashi ikamdondoka, kisha akasema, "Haya, bwana mtunzi," akachora. Asheri alikichukua kile kicheko kuwa ni cha mtu aliyeshindwa hoja. Methali ile alikuwa nayo tangu darasa la tatu. Ushairi hakufundishwa na mtu, alijifunza akichuma chai, mizani akizihesabu kwa vidole, na mtu aliyejifundisha hana wa kumwuliza bila kujishusha.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa Sele, mgema wa Mwera mwenye kilabu cha mnazi nyuma ya soko. Habari ilikuwa imetoka shuleni kwa kicheko, ikatembea kwa miguu yake.

"Wewe ndiye malenga wa tembo?"

"Mimi ni mtunzi wa vitabu vya watoto."

"Na mimi nina watoto mia, wote wana ndevu." Sele akachungulia maboksi. "Nipe vyote. Atakayenunua lita mbili, namwongezea kitabu bure. Tembo limeimbwa sana, kaka, lakini hajatokea aliyelipandisha mnazini likiwa na masikio."

"Siuzi kilabuni."

"Sawa. Basi vilalie."

Sele akageuka. Asheri akatazama boksi lililoziba dirisha, akaona paa la nyasi la mama yake, limelegea kwenye kona ile anakolala.

"Ngoja," akasema.

Jumamosi alasiri alifikisha boksi la mwisho. Kilabu kilikuwa kimefurika, vitabu vimefunuliwa kati ya vikombe, na wazee wazima walikuwa wakizifuata beti kwa kidole kama wanafunzi. Mmoja akatia sauti, wengine wakapokea. Hakuna aliyekosea mizani hata moja. Asheri alisimama mlangoni, fedha za bati mfukoni, akisikia kile alichokiota miaka mingi, na hakuna mahali pa kupeleka uso wake.

Simu ikalia. Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vipi vitabu?"

"Vimekwisha, mama. Jumatatu naleta bati."

"Bwana asifiwe. Na watoto wamevipenda?"

"Wanaviimba."

"Ndio hao nawasikia? Wasogezee simu, mwanangu. Niko hapa na mama mchungaji, naye asikie."

Asheri akaibana simu kifuani. Nyuma yake sauti nene sitini zilikuwa zimefika mstari wa tatu, ule wa kuyumba, na Sele, kikombe mkononi, alikuwa akimwita kwa jina lake kamili aje aimbishe.