Kiti Kilichoota Katikati

Jumamosi moja ya Aprili, uji wa shayiri ukiwa bado unafuka moshi mezani, Annelie Sundvall aliwapanga watoto wake watatu kwenye benchi la jikoni na kuwapima makalio kwa utepe wa fundi cherehani. Melker wa miaka kumi, Stina wa saba na Tilde wa minne walikaa wamebanana, mikono juu ya magoti. Annelie aliandika upana wao pembeni ya gazeti, karibu na tangazo alilokuwa amelizungushia wino.

Tangazo lilikuwa fupi. Gari la michezo la mwaka 1972, limetunzwa ndani, halina kutu, lina viti vya watoto. Huwaka watoto wote wa mwenye gari wakiwa ndani.

"Hayo maneno ya mwisho yana maana gani?" aliuliza Jerker, mumewe.

"Maana yake ndiyo hiyo hiyo."

"Afadhali huyu kasema. Kaka yangu alinunua gari likaja kuwaka siku za kazi tu, na mwuzaji alikuwa kimya kama maji mtungini."

Jerker alikuwa ametoa masharti matatu: gari liwake hata baridi ikiuma, liwe na nafasi ya watoto wote, na lisiwe jekundu. Annelie hakuwa na sharti. Alikuwa na miaka sita huko Borås, amesimama na mama yake nje ya duka la vitambaa, gari kama hilo lilipopita mbele yake, nyuma kote kioo, na tangu siku hiyo kila gari alilopanda alilipanda akisubiri lile. Majirani zetu wengine hutamani nyumba ya ziwani. Annelie alitamani kuendesha hilo moja, na watoto wake wawe nyuma wakitazama njia waliyotoka.

Mwenye gari, Mzee Helge Frändberg, anaishi kilomita chache kutoka Skara, katika nyumba nyeupe yenye ghala jekundu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa kiwanda cha maziwa cha hapa kwetu. Ni mtu asiyechelewa na asiyepunja, na masikio yake yamesimama wima kiasi kwamba kofia haihitaji kitu kingine cha kuishikilia. Aliwakaribisha kwa kahawa na maandazi ya mdalasini, kisha akafungua mlango wa ghala.

Gari lilikuwa la rangi ya haradali. Halikuwa na kutu hata ya kutafuta kwa kucha. Annelie aliweka kiganja juu ya boneti, akakuta ina joto.

"Umeliwasha asubuhi?"

"Halijawaka tangu masika ya sabini na nne," alisema Helge. "Joto halijatoka tu."

Jerker aliinama akachungulia ndani. Gari la aina ile lilitoka kiwandani na viti viwili vidogo nyuma. Hili lilikuwa na vitatu. Cha katikati kilikuwa chembamba kidogo, ngozi yake mpya, na juu yake lilitandikwa blanketi la farasi.

"Hiki mliongeza?"

"Hicho kimeota."

"Kina mkanda?"

"Kinao."

Jerker alitikisa kichwa kwa kuridhika, akawaita watoto wajaribu. Walienea, wakabakisha nafasi ya mkono mmoja. Annelie aligeuka kutazama uani mtu asije akaona macho yake.

Basi wakawaita wana wa Helge ili gari liwashwe. Krister na Bengt-Åke ni wanaume wa arobaini na kitu, wakulima wote wawili, na kila mmoja ana uzito wa ndama wa mwaka. Krister alikaa mbele, Bengt-Åke akajikunja nyuma magoti yakigusa kidevu. Helge alizungusha ufunguo. Gari halikukohoa wala kupumua.

"Una watoto wangapi, Mzee Helge?" aliuliza Annelie.

"Wawili," alisema Helge, na masikio yake yakawa mekundu hadi nchani.

Annelie si mtu wa hapa, ndiyo maana aliuliza. Sisi tusingeuliza. Kila mtu kuanzia kanisani hadi kituo cha mafuta anajua kwamba masika ya sabini na nne Viola Hedlund, aliyekuwa akiosha madebe kiwandani, alijifungua msichana mwenye masikio yaliyosimama wima. Usiku huohuo kiti kiliota, na asubuhi gari la mkuu wa kiwanda likagoma kumpeleka kazini. Akaenda kwa baiskeli. Tulimwona, tukamsalimu, tukasema upepo ni mkali leo. Huku kwetu ndivyo tunavyoishi na jambo la namna hiyo: mtu akilikaribia, tunataja hali ya hewa. Tunauita huo ustaarabu. Mkewe Helge alipofariki tulidhani labda sasa atasema, lakini alinunua trekta jipya.

Jerker hakuwa tayari kununua mbuzi kwenye gunia. Alitaka gari likaguliwe kwanza, likipita wapeane mikono. Helge alikubali upesi, akapendekeza kituo cha ukaguzi cha Lidköping.

"Lidköping ya nini, Baba?" alisema Krister. "Tulivute kwa kamba hadi huko kote? Skara ipo hapa puani."

"Lidköping wana vifaa bora."

"Vifaa ni vilevile. Tunajua wote kwa nini hutaki Skara."

Helge alitazama mawingu, akasema huenda ikanyesha. Jumatatu walikwenda Skara.

Helge alitangulia na trekta. Nyuma yake, kwenye kamba, ulikuja mchuma wa haradali, Krister kwenye usukani na Bengt-Åke nyuma, kwa kuwa kila mtu alikuwa bado na matumaini. Annelie, Jerker na watoto walifuata na gari lao la kijivu. Theluji nyepesi ya maji ilikuwa ikianguka, na Annelie alikuwa akiomba kimoyomoyo, yeye ambaye kanisani huenda Krismasi tu.

Mkaguzi aliyekuwa zamuni alikuwa Ylva Hedlund, binti wa Viola. Ana miaka ishirini na mitano, huvaa ovaroli ya bluu na kufunga kitambaa kichwani hadi kufunika masikio. Anaishi na mama yake katika nyumba ya manjano kwenye kona ya barabara ya kiwandani, na tangu azaliwe amempita Helge dukani, posta na makaburini.

"Nani mwenye gari?"

"Mimi," alisema Helge.

"Jina?"

"Frändberg. Helge."

Alilitaja kama anavyotajiwa mgeni, na Ylva akaliandika kama linavyoandikwa la mgeni. Helge alirudi nyuma ya mstari wa njano wanaposubiri wenye magari. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Ylva alikagua taa, matairi, na sakafu ya gari kwa chini. Akafika kwenye mikanda. Mkaguzi mzuri haivuti tu kwa mkono. Hukaa kitini na kuifunga, na Ylva ni mkaguzi mzuri. Alifunua blanketi la farasi, akapanda nyuma, akakaa kwenye kiti cha katikati.

"Habari, Ylva," alisema Bengt-Åke.

"Nzuri, Bengt-Åke. Sogeza goti."

Kiti kilikuwa cha mtoto, lakini kilimtosha. Alifunga mkanda, ukalia tiki, na gari likawaka.

Liliwaka bila ufunguo, taratibu, kama sufuria inayoanza kuchemka. Hakuna aliyepiga kelele. Krister aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akaiacha hapo. Ylva alifungua mkanda ili atoke, injini ikazimika. Akaufunga tena, ikawaka. Alifanya hivyo mara nyingine, jinsi mkaguzi anavyothibitisha hitilafu, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa akinywa kahawa.

"Tommy! Njoo unipimie breki na moshi. Mimi siwezi kutoka humu."

"Umekwama?"

"Hapana. Ndiyo linawaka hivyo."

Tommy alipima breki, akapima moshi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini aliifanya polepole, na akairudia ya breki bila sababu. Bengt-Åke alitoa pakiti ya peremende zilizobaki za Jumamosi, siku ya peremende kwa watoto wa huku, maana hata mtu mzima hununua zake, akamwekea Ylva kiganjani bila kumtazama. Ylva alichagua ile nyeusi ya chumvi. Bengt-Åke alisema yeye pia hupenda hizo. Walikaa wakitafuna, ndugu watatu kwenye gari linalotetema kidogo.

Annelie, nyuma ya mstari, alikuwa ameshaelewa. Alimtazama Helge, akamtazama msichana, na kitambaa kile kilichofunika masikio kikamweleza yaliyobaki.

Tommy alipomaliza, Ylva aliteremsha kioo cha mlango kwa kuomba msaada wa Krister, akaongea kwa sauti ya kazini.

"Gari ni zima. Sijaona zima kama hili. Ila lina kiti kimoja zaidi ya vilivyosajiliwa. Nani alikiweka?"

"Kimeota," alisema Helge.

"Sawa. Ni cha nani?"

Injini ilishuka sauti. Hata Tommy aliacha kufuta mikono. Jibu lilikuwa neno moja, jina lililoshonwa kwenye ovaroli mbele yake, na gari zima lilikuwa likimngojea alitamke. Helge alivua kofia. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda mfupi Annelie aliamini kabisa kwamba litatoka.

"Naona theluji itarudi kabla ya Pasaka," alisema Helge.

Ylva alimtazama mzee huyo, kofia mkononi, masikio yamesimama.

"Inaelekea," alisema.

Aliandika kwamba gari limepita. Annelie alivuka mstari wa njano, jambo lisiloruhusiwa, akainama dirishani.

"Dada, mimi nikilinunua, litawaka kwa watoto wangu. Yeye hatakuwa na haja tena ya kusema chochote."

"Najua."

"Naweza kuliacha."

"Ukiliacha atalirudisha ghalani, alitandike blanketi." Ylva alipitisha kidole kwenye ngozi ya kiti, pembeni ya paja lake. "Mimi mtoto siwi tena. Kuna wa kukaa hapa?"

"Tilde. Ana miaka minne."

"Basi mlete. Kiti kikae na mtoto."

Wakapeana mikono, Annelie na Helge, na karatasi zikatiwa saini juu ya kaunta. Annelie aliyekuwa ameisubiri saini hiyo tangu Borås aliandika jina lake kwa mwandiko mbaya. Ylva alifungua mkanda na kutoka. Safari hii injini haikuzimika mara moja. Ilisubiri mpaka alipofika mlango wa ofisi.

Watoto walipanda. Melker kulia, Stina kushoto, Tilde katikati. Gari likawaka kabla Annelie hajashika ufunguo.

"Mama, kina joto," alisema Tilde. "Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Ylva."

"Kwa nini hakai tena?"

"Muulize baba yake," alisema Annelie kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Helge alikuwa akikunja kamba ya trekta hatua mbili kutoka pale. Aliikunja vizuri sana, duara juu ya duara.

Gari halijawahi kuwaangusha. Limewaka kwenye baridi ya kupasua mawe, na Jerker, ambaye kwa kawaida hasifu kitu, hulisifu mbele ya kaka yake. Likiwa na watoto wote watatu, haliulizi linapelekwa wapi. Lina tabia moja tu, na Annelie hajampelekea fundi. Likifika kwenye kona ya barabara ya kiwandani, mbele ya nyumba ya manjano, hupunguza mwendo lenyewe, hadi karibu lisimame, na watoto hupunga mikono kupitia kioo cha nyuma. Ylva akiwa nyumbani hutoka na kupunga pia. Magari ya nyuma hayapigi honi, tumezoea.

Helge naye hupita kona hiyo kila Alhamisi akienda dukani na trekta lake. Akifika mbele ya nyumba ya manjano, huongeza gia.