Kopo la Chooni

Miaka thelathini nilikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, na dalali haamini gunia kwa kulitazama. Unachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, mpaka katikati, unatoa punje, unanusa, unatafuna. Watu wanapanga mahindi safi juu na yaliyooza chini. Kwa hiyo daktari aliponiambia, "Mzee Matonya, kansa ya utumbo tumeitoa yote," nilimtazama usoni nikajisemea, haya, hayo ni ya juu ya gunia.

Nilipotoka hospitali nikaletwa Dodoma mjini kwa mwanangu Obedi. Obedi ni dereva wa lori, nyumbani haonekani. Nikabaki mikononi mwa mkewe, Penina.

Huyo Penina akaanza kunilisha uji mweupe. Wali laini, viazi vya kuponda, yai moja, samaki wa Mtera aliyetolewa miba yote. Sahani yenyewe ya mtoto, mara sita kwa siku! Sasa, marehemu baba yangu alipokaribia kufa, walimwachisha ugali wa uwele na mlenda, wakawa wanamnywesha uji mweupe hivyo hivyo, kidogo kidogo. Wiki ya tatu tukamzika. Mimi sikusahau.

"Ugali wa uwele uko wapi?" nikamuuliza.

"Bado, baba. Daktari amesema wiki sita kwanza. Karanga, mahindi ya kuchoma, vitu vya maganda, usiguse kabisa. Vinaweza kuziba pale uliposhonwa."

Daktari amesema! Nilikula huku namtazama kwa jicho la pembeni. Nilijua wananificha. Kansa ipo, na mimi nasubiriwa nife.

Lakini kilichonitia hofu hasa ni kopo. Kila asubuhi Penina alikuwa anajaza maji kopo la chooni, pomoni. Nikitoka tu, anaingia. Hakai, anatoka. Siku moja nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni nikachungulia. Akaliinua kopo, akatazama ndani, akaliweka chini. Kisha akapiga simu kwa sauti ya chini: "Obedi, usimwambie baba kwamba namwangalia."

Loo! Mwanamke anachunguza maji niliyobakiza mimi, anayataka ya nini? Na kumuuliza ningemuulizaje? Sisi Wagogo, mke wa mwanao ni mtu wa heshima. Mambo ya chooni hamtajiani, hata tumbo lenyewe unalitaja kwa kuzunguka. Nikafanya ya kidalali. Tangu siku hiyo, niwe nimejisaidia au nimekwenda haja ndogo tu, maji yote nilikuwa nayamwaga. Akija anakuta kopo tupu. Nikasema, haya, chunguza sasa.

Jumamosi Penina akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, akaja Halfani, rafiki yangu wa Kondoa tuliyekuwa naye sokoni. Alipoona ule uji akaguna. "Matonya, hiki ndicho unachokula? Watakuua hawa!" Akafungua mfuko: mahindi ya kuchoma na karanga. Jamani, utamu wake acha tu. Nilikula mahindi mawili mazima na karanga mpaka mfuko ukawa mtupu, halafu maganda tukayafukia nyuma ya nyumba, wazee wazima.

Jumapili tumbo likaanza kukaza. Chooni nilikaa, wapi! Nikamwaga maji, nikatoka. Jumatatu limevimba, hata upepo hautoki. Nikamwaga maji tena. Saa nne nikatapika, na maumivu yakawa yananikunja. Penina akaita bajaji, akanikimbiza hospitali.

Muuguzi akauliza, "Mara ya mwisho amepata choo lini?"

Penina akainamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kitenge. "Leo asubuhi. Na jana pia."

"Una uhakika?"

"Ninao. Daktari alinipa kazi ya kufuatilia, kwamba akikosa choo nimlete haraka. Mimi kumuuliza mkwe wangu siwezi, naona aibu. Kwa hiyo huwa naangalia kopo. Maji yakipungua sana najua amepata."

"Basi utumbo haujaziba. Pengine chakula kimemkataa tu," muuguzi akasema huku akiandika. "Akae benchi asubiri foleni."

Kumbe! Mtoto wa watu alikuwa ananilinda, mimi nikamfumba macho kwa mikono yangu mwenyewe. Na foleni ilikuwa inafika mlangoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, lakini kufa niliogopa zaidi.

"Muuguzi, usiandike hivyo," nikasema, mbele ya mkwe wangu. "Sijapata choo tangu Jumamosi. Maji nilikuwa namwaga. Na nimekula karanga. Na mahindi."

Penina hakuinua uso. Muuguzi alishatoka mbio kumwita daktari.

Walinipitishia mpira puani, wakanitundikia dripu siku nne. Utumbo ukafunguka bila kisu. Daktari alisema ningechelewa mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nikarudi nyumbani, nikaletewa uji mweupe. Nilikoroga mpaka chini, mazoea hayo, kisha nikaunywa wote.

Asubuhi nikaingia chooni. Kopo limejaa. Nje nikasikia ndala za Penina zinakwenda na kurudi, zinasimama, zinakwenda tena. Asingeuliza hata kwa fimbo. Nikajikohoza. Nikajikohoza tena.

"Penina!"

"Abee, baba!"

"Nimepata!"

Akapiga kigelegele, mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta nani kajifungua.

"Hakuna," Penina akamjibu, na nilisikia kwamba analia. "Ni baba."