Supu ya Mwenyekiti

Humphrey ni mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania hapa Tensta, kwa Waswidi, na wakubwa wote ni walewale, wa huku na wa kwetu: msibani wanaahidi, wakishakula pilau wamesahau. Mbele ya jeneza la mke wangu Paskalia alisema, "Mwaka ukitimia tutaonyesha ile filamu yake ya treni, kwa heshima yake." Watu wakaitikia amina.

Filamu yenyewe ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya zile za mwanzo kutoa sauti. Mhudumu mwembamba anabeba bakuli la supu hadi behewa la mwisho, ambako bwana mnene anasubiri na kitambaa shingoni. Treni ikiyumba, supu inamwagika, anarudi kujaza. Basi. Wanaongea Kiingereza, na Paskalia hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini alikulia kwenye kibanda cha video cha kaka yake, Shinyanga, ambako mtafsiri hukaa mbele akawasemea watu wote wa kwenye picha. Kwa hiyo kila Krismasi, kwenye ukumbi wa chama, alizima sauti, akashika maiki. Yule mnene alimbatiza Mwenyekiti.

"Supu yangu iko wapi? Mimi ndiye Mwenyekiti!"

Ukumbi ulikuwa unavunjika mbavu. Kila mtu alijua nani anasemwa. Humphrey alicheka meno tu.

Mwaka ulipotimia, Jumamosi nikatoka kwangu Farsta na koti la msibani, diski ya filamu mfukoni. Nilitaka kitu kimoja: maneno ya mke wangu yasikike tena mle ndani. Humphrey akaiwasha filamu na sauti yake ya asili, Kizungu kinakwaruza, chini maandishi ya Kiswidi. Watu kimya kama kliniki.

"Hii siyo," nikasema.

"Mzee Severin, hii ndiyo halisi. Marehemu alikuwa hatafsiri, alikuwa anatunga. Watoto nao waisikie yenyewe."

"Kwani nani hakujua anatunga? Wewe unaogopa supu."

"Kaa chini, mzee wangu. Usituharibie shughuli."

"Shughuli ya nani? Jina lake hujalitaja tangu tuingie!"

Nikachomoa waya wa sauti ya filamu. Magdalene, katibu wake, akanidaka mkono. "Kaka Severin, jamani, aibu."

"Aibu mpelekee bosi wako."

Nikashika maiki. Mimi si msemaji, shule niliishia la nne. Mhudumu akateleza, akaanguka, mimi natoa macho tu.

Humphrey akasogea mbele, mkono kaunyoosha. "Lete. Umeona? Huwezi."

Ndipo Mama Brigitha akapaza sauti kutoka viti vya nyuma: "Supu yangu iko wapi?"

"Mimi ndiye Mwenyekiti!" ukumbi ukajibu. Hata watoto, wanaowajibu mama zao Kiswidi mwaka mzima, wakasema kwa Kiswahili, na ile lafudhi ya Shinyanga ya mke wangu. Neno kwa neno, behewa kwa behewa. Humphrey amesimama katikati ya mwanga wa projekta, treni inampita kifuani, hajui atokee wapi. Bakuli likaruka, supu ikamtiririka kwenye kipara.

"Karibu chakula, Mwenyekiti!"

Akawasha taa. Akasema kikao kimefungwa.

Nikachukua diski yangu. Mlangoni akanipa mkono, nikaupita. Krismasi akiitaka, aje Farsta aniombe. Na hapati.