Ndoo ya Godlove

Saa moja kasoro asubuhi Eunike alikuwa ameifungua simu mara ya tisa. Shamba lake la kwenye mchezo lilikuwa pale pale, mahindi yameanza kunyauka, kisanduku cha zawadi kitupu. Ndoo ya Godlove haikuja.

Wanawake wa kwaya pale Kidia walimcheka sana. Mjane wa miaka sitini na mbili, kutwa anamwagilia mahindi ya kwenye kioo! Asiyejua maana haambiwi maana, naye hakuwaambia. Mchezo ule aliwekewa na mwanawe kabla hawajagombana. Kila alfajiri mnatumiana ndoo ya maji. Mmoja akikosa siku moja tu, hesabu inarudi sifuri. Kisha Godlove akang'oa mibuni ya marehemu baba yake ili apande maparachichi, na Eunike akamfukuza kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa maneno ambayo mama hapaswi kuyasema. Kijana akashuka mjini, Njoro, kuchomelea mageti. Karibu miaka miwili hawajasemezana. Lakini ndoo zilikuja, siku mia saba na kumi na moja, hata Krismasi. Hilo ndilo lililomrudisha kwenye mchezo kila kukicha. Mahindi yenyewe wala hakuyajali.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Labda amenichoka, alijiambia, na moyo ukamuuma kweli kweli. Akaketi kwenye kigoda, macho kwenye kioo, akisubiri.

Nje, zamu yake ya mfongo ilikuwa imeanza. Maji ya mfereji huo wa ukoo yalifika kwenye kihamba chake, hakuna aliyeyafungulia, yakapita zake kuteremkia kwa jirani. Haikupita saa nzima, jirani huyo, Sirili, akaja mbio na jembe mkononi, matope hadi magotini.

"Mama Godlove! Upo?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Shikamoo. Ee Mungu wangu!" Sirili aliegemea nguzo akihema. "Maji yanapita tu kwako. Tangu nipate akili hujawahi kuacha zamu. Nilijua umekufa."

Eunike alimtazama, kisha akaitazama simu. Akainuka kigodani.

"Washa pikipiki yako," alisema. "Twende Njoro. Mwanangu naye ameacha zamu."

Pikipiki iliteleza mara mbili kwenye tope la Juni. Njia nzima Eunike alimwomba Mungu na kumfokea Sirili aongeze mwendo.

Chumba cha Godlove kilikuwa kimefungwa kwa ndani, dirisha limezibwa kwa gunia kuzuia baridi. Waligonga tena na tena. Eunike akapiga simu, wakaisikia ikiita humo humo ndani. Sirili aliupiga mlango kwa bega. Mara ya tatu kitasa kikang'oka. Hewa nzito ya mkaa iliwapokea. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, na Godlove chini kando ya kitanda, hatikisiki.

Walimburuta hadi uani kwenye manyunyu. Eunike alimpigapiga mashavu akimwita. Akaita tena, kwa sauti ya kumkemea, kama zamani kijana alipogoma kwenda shule. Godlove akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Mama," alisema kwa shida. "Leo... sijatuma."

Sirili alikuwa ameshakimbilia barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Eunike alilia mbele ya wapangaji waliokusanyika, bila haya, kichwa cha mwanawe mapajani.

"Kesho usinitumie ndoo," alisema. "Nipigie. Hata kama ni kunitukana, nipigie nisikie sauti yako."