Vijiti Vyekundu

Pale maabara waliniita Sikosei, na jina hilo nilijipa mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nasoma makohozi ya watu kwenye hadubini, na hakuna jibu langu hata moja lililowahi kurudishwa. Ndiyo maana nilipoona vijiti vyekundu kwenye kioo kilichopakwa kohozi la shangazi yangu, niliyaamini macho yangu.

Vilikuwa vichache, vyembamba kama nyuzi zilizokatwa, juu ya rangi ya buluu. Kifua kikuu. Saa sita mkuu wetu, Mama Hadubini, angetia saini, fomu ingekwenda kwa daktari, na kabla ya jioni shangazi angeondolewa kwenye kituo cha kulelea watoto alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Mwenye kituo hakuwa mtu wa kungoja mtu apone.

Nikatoka nimwambie mwenyewe. Alikuwa kwenye benchi la korido, barakoa imeshuka kidevuni, anamfundisha jirani yake kukunja nepi.

"Shangazi, pandisha barakoa."

"Nikipandisha nitaongeaje?"

"Njoo hapa dirishani."

Akanitazama usoni, akaipandisha.

"Ninao," alisema.

"Unatibika. Ni vidonge tu, miezi sita."

"Na watoto wangu?"

"Nao itabidi wapimwe."

"Leo mmekuta wagonjwa wangapi?"

"Watatu, kati ya kumi na wawili."

"Na siku nyingine?"

"Mmoja kwa wiki. Wiki nyingine hakuna."

"Mimi nikianua nepi za watoto watatu, zote zina doa la aina moja, siwasumbui watoto. Naenda kuangalia beseni."

"Shangazi, hii ni sayansi. Vijidudu tunavipaka rangi ndipo vionekane."

"Na hiyo rangi mnakoroga kwa maji, au kwa mate?"

Damu ilinipanda. Nirudi ndani nikakague kazi yangu kwa sababu ya nepi? Nilirudi na majibu makali matano kichwani, na yote yakanikauka nilipofika kwenye sinki. Maji safi ya maabara, yale tunayoletewa kwa madumu, yalikwisha Ijumaa. Rangi nyekundu niliikoroga kwa maji ya bomba, yaliyopita kwenye mpira uliokuwapo pale kazini kabla yangu. Niliuchungulia. Ndani ulikuwa na utelezi.

Nikachukua kioo kipya, kitupu, kisichoguswa na kohozi la mtu. Nikamimina rangi nyekundu, nikakipasha moto mpaka mvuke ukafuka, nikaosha kwa asidi, nikamalizia na buluu. Nikainamia hadubini. Muda mrefu sikuona kitu, na nikaanza kutabasamu. Kisha kijiti chekundu. Kisha viwili.

Ningeweza kubadilisha jibu la shangazi peke yake, na asingejua mtu. Lakini walikuwapo wengine wawili.

"Mama, usitie saini."

"Kwa nini?"

"Nimekosea."

Mama Hadubini alivua miwani. "Sema tena."

"Rangi nimeikoroga kwa maji ya bomba. Kwenye mpira kuna vijidudu vya majini. Ni jamaa za kifua kikuu, havijamdhuru mtu hapa, ila vinashika rangi vilevile."

"Hayo nimeyasikia. Nilitaka kulisikia lile neno la kwanza."

Alifungua kabati lake, akatoa chupa ya rangi aliyokoroga mwenyewe mwezi uliopita. Tulipaka upya sampuli zote kumi na mbili, na kioo kitupu cha kumi na tatu. Hadi saa nane tulikuwa tumemaliza. Kioo kitupu kilikuwa kitupu. Cha shangazi hakikuwa na kitu, na cha mwenzake mmoja pia. Cha tatu, cha fundi rangi mmoja, kilijaa vijiti kila nilipotazama. Huyo aliumwa kweli, na siku hiyohiyo alianza dawa.

Shangazi alikuwa bado kwenye benchi.

"Hatukuona kitu," nilimwambia. "Kesho leta kohozi la asubuhi, kabla ya chai, tuhakikishe. Barakoa usivue."

"Na beseni?"

"Mpira nimeukata. Nimeutupa."

"Vizuri, Sikosei."

Sikujua kama alilijua jina hilo. Aliinuka, akaivuta barakoa mpaka juu ya pua, akaenda kituoni kwake kuwaamsha watoto waliolala mchana.